Kwapa linawaka, miguu ina vipele: kabla hujanunua krimu nyengine niambie ilianza lini

Msimu wa harusi ukikaribia hapa Lamu mimi huujua kabla sijasikia vigelegele, manake wanawake huanza kuingia dukani mikono imejitenga na mbavu kama kuku alorowa mvua. Duka lenyewe ni dogo, liko kichochoroni ukitoka Usita wa Mui, nauza nyembe na sheva, marashi, liwa, pampasi za watoto, mambo hayo, na kila anaeingia akitembea hivo huja na ombi lile lile, shoga nipe ya ngozi sensitivu. Zamani nilikuwa nanyoosha mkono nampa ile chupa ya ghali yenye picha ya ua, wiki ya pili anarudi na chupa yake na kwapa lake, na ana haki. Siku hizi sitoi kitu kwenye rafu mpaka nimuulize mambo mawili. Ilianza lini, pale pale ukinyoa, usiku wake, keshoye ama siku ya nne? Na imekaa vipi, imeshika kila pahali wembe ulipopita ama ni kidoti kidoti kwenye mashina ya nywele? Hayo majibu mawili hunielekeza kuliko maandishi yote ya kwenye chupa, na mara nyingi inakuwa dawa ni kupunguza kitu, si kuongeza, jambo ambalo kwa mwenye duka si biashara lakini nifanyeje.

"Inachonyota pale pale, hata sijajipangusa"

Kwanza jimwagie maji matupu. Kama maji matupu yanachonyota basi ngozi ishakwaruzwa, lawama ni ya wembe ama ya kunyoa kukavu. Kama maji hayaumi ila ukipaka kitu ndo unaruka, mwizi ni hicho ulichopaka. Na orodha ya vinavyopakwa hapa kwetu naijua kwa moyo, marashi, spiriti, ile aftasheivu ya mume, dawa ya kwapa, shabu, na kuna wa ndimu. Shabu sina ugomvi nayo, kinyozi akikukata kidogo akikugusisha inazuia damu, lakini kuipitisha kwapa zima lililotoka kunyolewa dakika hiyo na ngozi yako ni nyepesi, inakausha na kuchoma bure. Dawa ya kwapa iache mpaka keshoye, ndo maana mimi huwaambia watu wanyoe usiku, ulale bila kitu, asubuhi upake.

Sasa kunyoa kukavu, hapa nataka tukae kidogo manake watu wengi hawajui kama wananyoa kukavu. Wewe unasema nilipaka sabuni. Sawa, lakini maji gani? Maji ya kisima yana chumvichumvi, unajua mwenyewe unavyosugua kipande cha sabuni mpaka mkono uchoke na povu halikai, linabaki lile ganda jeupe la utelezi wa uongo. Wembe ukipita hapo ni kama unapita kwenye ngozi kavu tu. Na sabuni ya kipande yenyewe, hata iwe ile ya kufulia ambayo bibi zetu waliapa nayo, ina ukali wa alikali, pH yake (kipimo cha asidi na alikali) hufika 9 mpaka 10, ngozi yako iko kwenye 5 hivi, ukiiondolea mafuta yake halafu ukaikwangua na chuma itakwambia asante kwa njia yake.

Kwa hivo kabla ya kununua chochote fanya hivi. Weka jagi moja la maji matamu, ya mvua ama hayo unayonunua ya kunywa, kwa ajili ya kunyoa tu, jagi moja linatosha kwapa na miguu. Oga kwanza, nyoa mwisho. Nywele ikikaa kwenye maji ya vuguvugu dakika tatu hivi inavimba na kulainika na wembe hauhitaji nguvu, nywele kavu ni ngumu sana. Halafu paka jeli ama krimu ya kunyolea, iache dakika moja mbili, usiwe na haraka kama unakimbilia boti ya Mokowe. Huna jeli? Kondishena ya nywele isiyo na harufu inaweza kufanya kazi hiyo, inateleza vizuri kuliko sabuni. Mafuta ya nazi peke yake sipendekezi wakati wa kunyoa, yanaziba wembe baada ya mistari miwili, utaanza kukandamiza, na kukandamiza ndo mwanzo wa balaa lote.

Kuhusu hiyo chupa ya sensitivu

Neno sensitivu mbele ya chupa ni la mwenye kuuza, geuza nyuma usome. Ukiona parfum ama fragrance, yaani marashi, rudisha, hata kama rangi ni ya kijani na imechorwa shubiri. Hiyo jeli ya shubiri ya kijani kibichi, shubiri ya kweli ukiikata haina rangi ile, ile ni rangi na marashi. Menthol nayo iogope, inakupa ubaridi wa uongo wakati ngozi inakasirika chini kwa chini. Na kuna mtego huu, chupa imeandikwa unscented, watu wanadhani ni sawa na fragrance free, si sawa, ya kwanza inaweza kuwa imetiwa harufu ya kuficha harufu. Tafuta ya pili.

Pombe ndo inaleta maswali mengi dukani, wengine kwa ngozi wengine kwa dini. Alcohol denat ikiwa imeandikwa juu juu mwa orodha hiyo inakausha na kuchonyota, iache. Lakini cetyl alcohol na cetearyl alcohol ni mafuta mazito kama nta, hayaleweshi na hayachomi, yanalainisha, kuna mama mmoja alinirudishia krimu nzuri kabisa kwa sababu ya jina hilo na nikachukua, sikubishana nae. Vya kutafuta ni glycerin, panthenol, allantoin, oti. Usichague yenye mistari arobaini ya viungo, orodha ikiwa fupi ni rahisi kumjua mwenye makosa.

"Ni wekundu mtupu, kama nimeungua, ulianza ndani ya saa moja"

Kama umeshika njia yote ya wembe, hakuna usaha, unawaka zaidi kuliko kuwasha, huo ni mchomo wa wembe, na kwa ngozi nyeusi usitegemee kuona wekundu, utaona weusi weusi na joto ukigusa. Nioneshe wembe wako. Hapo ndo watu huona haya. Sheva moja ya toka mwezi mtukufu, imekaa bafuni kwenye unyevunyevu, na hewa yetu ya bahari inavyokula chuma, hata bawaba za milango ya Lamu zinajua. Sheva ya kutupa itupe baada ya kunyoa mara tano mpaka saba, na ngozi nyepesi mimi nasema tano isizidi. Ukimaliza isuuze, ikung'ute, itoe bafuni uiweke pakavu.

Halafu kuna wale wa wembe mtupu, Nacet mkononi bila mpini, nimeona watu wazima wakifanya hivo. Wembe wenyewe ni mkali hauna neno, lakini kwa vidole huwezi kushika pembe moja, utakwangua. Utie kwenye kile kishikio chake cha chuma cha kuparafuja, hicho cha mzee wa zamani, ni moja katika vitu bora kwa ngozi nyepesi, ukali mmoja, mpya kila baada ya mara chache, na bei yake haikuumizi.

Ukishaungua, kitambaa cha maji baridi, mafuta yasiyo na harufu, Vaseline ile tupu isiyo na rangi inatosha, na nguo pana. Usinyoe tena mpaka ipoe. Kwa kawaida ni siku chache tu, ikiwa wiki imepita na bado unawaka basi si huo, rudi kwenye maswali. Na bahari iache siku moja, usiende Shela kuogelea jioni ya siku ulonyoa halafu uje useme krimu yangu mbaya.

"Siku ya tatu ya nne vinatoka vipele vigumu, vingine naona nywele imejikunja ndani"

Hili ndo letu. Nywele zetu ni za kujikunja, na nywele ya kujikunja ukiikata kwa upembe ina ncha kama mkuki, inavyoota inazunguka inarudi kuchoma ngozi ile ile ilotokea, ama haitoki kabisa inajipinda chini kwa chini. Mwili unaiona kama mwiba, unavimba. Kwa hivo si uchafu na si ngozi mbaya, mwenye nywele zilizonyooka anaweza kunyoa vibaya maisha yake yote asione kitu, wewe ukikosea mara moja unajua.

Na kinachozidisha ni sheva zile za makali matatu, matano, zinazosifiwa kwenye tivi. Ukali wa kwanza unaivuta nywele, wa pili unaikata, ukiachia inarudi ndani chini ya usawa wa ngozi. Raha yake ni hiyo, unapapasa unaona laini kama yai, siku ya nne unalia. Watu pia wananyoosha ngozi kwa mkono mwengine mpaka ikazike, matokeo yake ni yale yale. Na kunyoa kinyume. Kwa miguu ni rahisi kujua nywele zinaelekea wapi, kwapani si rahisi, zinaota kila upande, juu zinaenda juu chini zinaenda chini, ziache siku mbili ziote kidogo upapase kwa kidole ujue, halafu ufuate. Mstari mmoja, suuza wembe, mstari wa pili. Ukiona umerudia pahali mara tatu basi wembe ushakufa.

Kama ushatoka vipele, dawa kubwa ni kuacha. Najua hutaki kusikia. Mteja mmoja, mwalimu wa chuo cha Qurani, aliniambia hawezi kuacha kwa sababu ya sunna, na mimi nikamwambia si tumewekewa mpaka wa siku 40, wewe unanyoa kila siku ya tatu, umebakiwa na siku 37 za kupumzisha kwapa lako, akacheka mpaka akakaa kwenye gunia. Aliacha wiki nne kasoro. Vipele vingi vilijifungua wenyewe manake nywele ikiwa ndefu inajitoa, kilichobaki vilikuwa viwili vitatu. Hesabu ya dini muulize mwalimu wako, lakini kwa ngozi wiki tatu nne za kupumzika zinafanya kazi ambayo sijaona chupa ikifanya.

Usichokonoe kwa sindano wala kwa pini ya buibui. Kitambaa cha maji ya moto kiasi, dakika kumi, mara mbili tatu kwa siku, kama nywele ishachomoza kijipinda chake juu unaweza kuinyanyua tu ncha itoke, usiing'oe. Losheni yenye salicylic acid inasaidia kufungua ngozi ilofunika, lakini si siku ya kunyoa, itakuchoma. Na ukirudi kunyoa, kama ni kinena, fikiria mashine ndogo ya kupunguzia badala ya wembe, inaacha milimita moja hivi, haifikii ulaini wa yai lakini nywele haziingii ndani kwa urahisi. Kule chini ngozi ni nyembamba, inasuguliwa na chupi mchana kutwa, na kaskazi ikipiga mwezi wa pili mtu anatoka jasho amekaa, usishindane nayo.

Vyenye usaha

Kidoti cheupe ama manjano katikati ya kila shina la nywele, kinauma, hiyo mara nyingi ni bakteria imeingia mlango ulofunguliwa na wembe. Swali langu la kwanza ni nani mwengine anatumia wembe huo. Dada wanagawana, mke na mume wanagawana, hostelini wanagawana. Tuachane na hayo kabisa, wembe hupitisha bakteria za majipu na pia homa ya ini aina ya B, na HIV, kwa damu ambayo hata huioni. Tupa, usichemshe. Oga kwa sabuni ya benzoyl peroxide, duka la dawa wanayo, isuuze vizuri, na onyo la mwenye uzoefu, inatafuna rangi ya nguo, leso yangu moja nzuri nilonunuliwa ina mabaka meupe mpaka leo, jipanguse na taulo nyeupe.

Ikiwa wekundu unasambaa, pamoto, pagumu, una homa, ama una ugonjwa wa sukari, usije kwangu, nenda hospitali ya King Fahd ama zahanati ilo karibu nawe. Na kuna wale wanaopata majipu kwapani na kinenani kila mara, yanapona yanarudi, yanaacha makovu na vijitundu, wamenyoa hawajanyoa. Hao wengi wameshaambiwa na watu kuwa hawaogi vizuri. Si kweli, kuna ugonjwa wa ngozi unaofanya hivo na una matibabu yake, ila unahitaji daktari, krimu za dukani zinakupotezea miezi.

"Nilinyoa vizuri tu, siku ya pili ndo ikaanza kuwasha na malengelenge"

Hii inachanganya watu sana kwa sababu ya ule ucheleweshaji. Aleji ya ngozi haina haraka, huchukua siku moja mpaka tatu kujitokeza, kwa hivo wewe unalaumu ulichopaka leo asubuhi kumbe ni kile cha juzi. Dalili yake ni kuwasha kuliko kuuma, na umbo. Umbo halidanganyi. Mpwa wangu aliniletea miguu yake siku mbili kabla ya harusi ya rafiki yake, imetoka malengelenge, akasema ni sheva nilompa. Nikamwambia weka mguu hapa kwenye mwanga. Malengelenge yamefuata maua ya piko, jani kwa jani, pasipo na piko hapana hata kipele. Alikuwa amenyoa miguu saa tisa, saa kumi na moja amekaa kupakwa. Hina ya kawaida ile nyekundu si shida kwa wengi, lakini piko ni rangi ya nywele, ndani kwa kawaida mna kitu kinaitwa PPD, kwenye ngozi nzima tu kinaweza kuleta aleji, sembuse ilotoka kukwanguliwa. Na ukishakuwa na aleji hiyo haiondoki, hata ukipaka rangi nyeusi kichwani baada ya miaka inaweza kukuvimbisha uso, kwa hivo mwambie msusi wako.

Kama umbo limefuata njia ya wembe, angalia ule utepe wa kuteleza juu ya sheva, nao una harufu na viungo vyake. Kama limefuata pale ulipopaka krimu, krimu. Kitu kipya chochote kijaribu kwanza upande wa ndani wa kiwiko, mara mbili kwa siku, wiki nzima, na usibadilishe vitu vitatu kwa pamoja maana hutajua kamwe.

Krimu za kuondolea nywele

Watu wa wembe mbaya hukimbilia huko, aina ya Veet na wenzake. Hazikati, zinayeyusha nywele, na pH yake inakaribia 12, kwa hivo kwa ngozi nyepesi si lazima ziwe pole kuliko wembe. Jaribu pahali padogo, ngoja masaa 24. Usizidishe dakika ziloandikwa hata kama nywele hazijatoka zote, usipake kinenani kama pakiti haijasema inafaa huko, na usipake juu ya ngozi ilochubuka.

Weusi ulobaki

Weusi wa kwapa baada ya vipele ni alama ya ngozi kuvimba, utaondoka kwa miezi si kwa siku, na hautaondoka ikiwa bado unajikwangua. Ndimu na magadi naomba muache. Ndimu kwenye ngozi halafu jua, jua letu hili, inaunguza kabisa, inatoa malengelenge na kuacha weusi mpya juu ya ule wa zamani. Na zile tyubu ndogo za dawa za mseto ambazo kila nyumba inayo moja kwenye droo, za fangasi na vipele vyote kwa pamoja, nyingi zina steroidi kali, siku tatu unaona miujiza, miezi mitatu ngozi ya kwapa imekuwa karatasi na ina michirizi. Za hydrocortisone asilimia 1, siku chache, ukiwa umemuuliza mtu wa famasi, hizo ni jambo jengine.

Wanaoniuliza kuhusu wiki ya harusi nawapangia hivi. Singo, ule msuguo wa bibi harusi, kwanza, kwenye nywele ambazo bado hazijanyolewa, manake ile ina chembechembe na marashi na haifai juu ya ngozi mpya. Kunyoa siku tatu nne kabla ya hina, usiku, wembe mpya. Baada ya hapo mafuta yasiyonukia tu mpaka siku ya hina. Mpwa wangu alipofika zamu yake mwenyewe alinyoa Jumatatu, Alhamisi akapakwa hina tupu, na yule mpakaji wa piko alipotoa kikopo chake bibi harusi alirudisha miguu ndani ya leso.